Neno Lililomzidi Kimo Aliyelisema

Kinjeketile Ngwale, mganga wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Siku hiyo vita vya Maji Maji vilikuwa havijatimiza hata majuma mawili. Pamba ya kwanza ilikuwa imeng'olewa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, mwishoni mwa Julai. Baada ya hapo moto ulisambaa hadi Liwale, ukapanda Mahenge, ukafika kwa Wangoni wa Songea, na haukuzimika kabisa hadi 1907. Yaani mtu ambaye jina lake hutajwa kwanza kila vita hivyo vinapotajwa hakuviona. Aliwapa watu maji, dawa walioamini kwamba itawakinga na risasi, akawapa na neno, akafa, na karibu yote yaliyofuata yakafanywa na wengine.

Kwa mwanahistoria hilo ni jambo la kuandika na kuendelea mbele. Kwa mtunzi wa tamthilia ni mtihani mzito. Shujaa anayekufa wakati vita ndiyo kwanza vinaanza utamjengaje? Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile iliyochapishwa mwaka 1969, aliukabili mtihani huo kwa uamuzi mmoja, na uamuzi huo ndio unaoipa tamthilia yake uzito ambao tamthilia nyingi za mwasi na mtawala hazina. Alimrefushia shujaa wake maisha. Kinjeketile wa jukwaani anaishi hadi maji yameshindwa, hadi vijana wameanguka mbele ya risasi, hadi yeye mwenyewe amefungiwa ndani pamoja na jemadari wake, Kitunda. Hussein hakumdanganya mtu katika hili: katika utangulizi alieleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, si nakala ya yule wa Ngarambe.

Sababu ya kumrefushia maisha ni kwamba swali ambalo mtunzi alitaka kuliuliza halikuwezekana kuulizwa tarehe 4 Agosti. Siku ile maji yalikuwa bado hayajapimwa vilivyo. Anayenyongwa akiwa na dawa ambayo bado haijashindwa anaweza kufa na imani yake nzima. Anayeambiwa akane baada ya dawa kushindwa, akiwa na hesabu ya maiti kichwani, yuko mahali pengine kabisa. Hapo ndipo Hussein alipotaka kutufikisha, na kila kitu katika tamthilia kimepangwa ili tufike.

Nalisema hili kwa sababu shujaa mwasi anasomwa vibaya, hasa madarasani. Mwanafunzi anafundishwa kuorodhesha sifa: jasiri, mzalendo, mwenye msimamo, mtetezi wa wanyonge. Orodha hiyo inamfaa Kinjeketile, inamfaa Mwelusi wa tamthilia ya Kifo Kisimani, inamfaa Tunu wa tamthilia ya Kigogo, na kwa kuwa inawafaa wote, haimwelezi hata mmoja. Kinachowatofautisha ni namna kila mmoja anavyowafikishia wenzake uasi wake, na yale yanayoupata uasi huo ukishatoka mikononi mwake. Ukisoma kwa jicho hilo, utaona mara moja kwamba mtunzi hodari humnyang'anya shujaa wake usukani mapema, na mtunzi mwoga humwachia hadi ukurasa wa mwisho.

Tuanze na mlango wa kuingilia. Hussein haanzi na shujaa. Anaanza na wanawake wawili, Bibi Kitunda na Bibi Kinjeketile, wakizungumza juu ya njaa. Wanaume wako kwenye shamba la mzungu. Chakula hakuna, kazi ipo tele, malipo ni viboko. Kinjeketile mwenyewe anatajwa kama mtu aliyejifungia ndani, na mkewe ana wasiwasi naye. Kwa hiyo kabla hatujamwona shujaa tumeshaijua kero, na tumeijua kutoka kwa watu wanaopika, yaani watu wanaojua kwa vibaba jinsi chakula kinavyopungua. Huo ni ujenzi wa fundi. Shujaa akitangulia, hadhira humsikiliza kwa sababu yeye ndiye shujaa. Kero ikitangulia, hadhira humsubiri kwa sababu inamhitaji, kama wanavyomsubiri wanakijiji wenyewe.

Kero yenyewe ilikuwa na mwili. Utawala wa Kijerumani ulianzisha kodi ya kibanda mwaka 1898, na kuanzia 1902 ukaleta mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya za kusini, yakisimamiwa na maakida na majumbe, watumishi wa serikali hiyo vijijini. Ubaya wa pamba haukuwa kiboko peke yake. Pamba inadai palizi ya mara kwa mara, na palizi yake inaangukia siku zilezile ambazo mtama na mahindi navyo vinataka jembe. Mikono ni ileile. Anayelimia pamba ya serikali mwezi wa palizi hana mavuno yake mwenyewe miezi inayofuata. Nguruwe wanaingia shambani kwa sababu hakuna wa kuwalinda. Msomaji asiyeijua kalenda hii hudhani njaa ya onyesho la kwanza imewekwa ili kuchokoza huruma. Hapana. Njaa ile ni hesabu ya siku za kazi zilizoporwa, na ndiyo maana watu wa Umatumbi walipoamua kuanza waliing'oa pamba kwanza kabla ya kumgusa mtu.

Baada ya kero inakuja ishara. Kinjeketile anavutwa mtoni na nguvu isiyoonekana, anazama, watu wanangoja kwa hofu, kisha anatoka akiwa mkavu. Wahakiki wengi wamehangaika na swali la kama jambo hilo lilitokea kweli au ni mazingaombwe. Swali hilo halina faida kwa tamthilia, na Hussein kwa makusudi halijibu. Ishara ina kazi moja: kuwafanya watu waliokuwa wanagombana wao kwa wao wakubali kusikiliza sauti moja. Kumbuka walikuwa nani. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wazaramo na Wangoni hawakuwa na mfalme mmoja, na baadhi yao walikuwa na visasi vya muda mrefu. Hakuna chifu ambaye amri yake ingevuka mipaka hiyo yote. Maji yaliivuka. Hayakuwa mali ya ukoo wowote, na kila aliyekwenda kuyachukua alirudi nayo kwao yakawa yake.

Hapa ndipo watu wa leo wanapokosea wanapoyadharau maji kuwa ni ushirikina uliowaua watu. Kama dawa ya kuzuia risasi, maji yalishindwa vibaya sana. Kama njia ya kuwaunganisha watu wa makabila zaidi ya kumi bila barua, bila simu, bila jeshi la pamoja, na chini ya pua ya maakida, yalifanya kazi ambayo hakuna kitu kingine kilichoweza kuifanya wakati ule. Tamthilia inatutaka tuyashike mambo yote mawili kwa mkono mmoja. Msomaji akiachia moja, amepoteza kitabu.

Kisha neno. Kinjeketile anapotoka mtoni anatamka utabiri: Mjerumani ataondoka, watu watakuwa wamoja, nao watakuwa watoto wa Seyyid Said. Watu wanashangilia. Sentensi hiyo ya mwisho inapita katikati ya vigelegele bila mtu kuitazama. Lakini itazame. Seyyid Said alikuwa Sultani wa Oman na Zanzibar aliyefariki mwaka 1856, karibu miaka 50 kabla ya vita. Katika zama zake na za wanawe, Kilwa ilikuwa bandari kuu ya kupakia watumwa waliotoka bara, wakiwemo babu na bibi za hao hao wanaoshangilia ukingoni mwa Rufiji. Neno la ukombozi limebeba mnyororo tumboni.

Sijui uamuzi wa kisanaa wenye ujasiri zaidi ya huu katika fasihi yetu ya jukwaani. Hussein angeweza kuiondoa sentensi hiyo, na tamthilia ingebaki ya kizalendo, safi, yenye kupigiwa makofi. Aliiweka, kisha akamfanya shujaa mwenyewe awe wa kwanza kuigundua. Si mpinzani wake, si mganga mwenye wivu, si msaliti aliyenunuliwa. Kinjeketile ndiye anayekaa na maneno yaliyotoka kinywani mwake akayasikia upya, akaona kwamba Hongo, pepo aliyemtuma, anawatoa kwa bwana mmoja na kuwakabidhi kwa mwingine. Kuanzia hapo ana jambo moja tu analolitaka: muda. Watu wangoje. Makabila yote yaungane kwanza, wapiganaji wafunzwe, naye apate nafasi ya kulisafisha neno.

Muda haupati. Hapa kuna funzo la ufundi ambalo waandishi chipukizi wangelisoma mara tatu. Mgogoro mkuu wa tamthilia hii hauko kati ya Kinjeketile na Mjerumani. Mjerumani haonekani sana, na hahitajiki kuonekana. Mgogoro uko kati ya Kinjeketile na wafuasi wake wenye haraka, na kwa undani zaidi, kati yake na neno lake mwenyewe. Binadamu analizaa neno, neno linakua, linamzidi kimo, linamwangusha. Anapowaambia watu wangoje, hawasikii tahadhari. Wanasikia woga. Mtu aliyewaambia kwamba risasi zitageuka maji anawezaje kuwaambia sasa kwamba hawako tayari? Kila sababu atakayoitoa inapingwa na ahadi yake ya jana. Amefungwa na ahadi yake kabla hajafungwa na askari.

Ukitaka kuona mahali hasa mambo yanapoharibika, usitafute siku ya vita. Yanaharibika katika pengo kati ya kasi mbili. Imani husafiri kwa mdomo: usiku mmoja kijiji kizima kimeshika. Maandalizi husafiri kwa miguu: silaha, chakula cha njiani, ishara za kupeana, mtu wa kushika zamu endapo kiongozi atakamatwa. Kinjeketile alikuwa na kasi ya kwanza bila ya pili. Pengo lilipokuwa pana kupita kiasi, watu walilivuka wenyewe kwa kuanza bila amri.

Historia inaonyesha gharama. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge mchana kweupe wakisonga mbele kwa wingi, na bunduki za rashasha zilizowekwa juu ya boma ziliwafyeka kwa safu. Ujasiri wao haupungukiwi hata chembe. Lakini mtu anayeamini risasi haitamwingia hatambai, hajifichi nyuma ya kichuguu, hasubiri usiku. Imani iliyowaleta pamoja ndiyo iliyowafanya wasimame wima. Baadaye, katika maeneo mengi, wapiganaji waliacha kusonga kwa wingi wakageukia kuvizia porini, na hapo ndipo vita vikawa virefu. Majibu ya Wajerumani yakawa kuchoma mashamba na maghala. Njaa iliua wengi kuliko risasi. Makadirio ya vifo vyote yanaanzia 75,000 na kufika 300,000.

Sasa tumtazame Kitunda, mhusika anayeonewa kuliko wote katika uhakiki wetu. Yeye ndiye anayewafunza wapiganaji. Ndiye anayewaza kwa idadi: wako wangapi, adui ana nini, tutaingilia wapi. Uasi wowote unahitaji watu wa namna mbili, mwenye neno na mwenye hesabu, na Hussein amewatenganisha katika miili miwili ili tuone upungufu wa kila mmoja. Kinjeketile bila Kitunda ni kelele kando ya mto. Kitunda bila Kinjeketile ni askari asiye na jeshi, kwa sababu hakuna mtu atakayevuka vilima kwenda kufunzwa na mkulima asiyejulikana. Katika majibu ya mitihani Kitunda huandikwa kuwa amekata tamaa, eti ni kinyume cha shujaa, kwa sababu mwishoni anamsihi mwenzake aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Napinga usomaji huo kwa nguvu zote. Anayeongea pale ni mtu aliyewapeleka vijana mstari wa mbele akawaona wanaanguka. Anataka mauaji yasimame. Hoja yake ni ya kibinadamu na ni nzito, na tamthilia ingekuwa dhaifu kama isingekuwa nzito.

Onyesho la mwisho, basi, lina watu wawili walio sahihi. Kitunda anasema ukweli: maji hayakufanya kazi, watu wamekufa, sema hivyo. Kinjeketile anakataa. Msomaji wa haraka atamwona kama mtu mkaidi anayeulinda uongo wake kwa roho za wengine, na kama ndivyo ilivyo, hastahili hata kidogo kuitwa shujaa. Lakini sikiliza anachokipima. Afisa wa Kijerumani anayemtaka akane hataki kujua ukweli juu ya maji. Anaujua tayari, rashasha zimekwisha kumwonyesha. Anachokitaka ni kauli kutoka kinywani mwa Kinjeketile, ambayo kesho ataigeuza. Ataanza na "maji yalikuwa uongo", atafika "kupigana kulikuwa kosa", na mwisho atawafundisha watoto wa waliokufa kwamba baba zao walikosea kudai nchi yao. Kinjeketile anatambua kwamba mambo mawili yamefungwa pamoja, dawa na dai. Dawa ilikuwa batili. Dai lilikuwa haki. Hakuna namna ya kuikana dawa mbele ya yule afisa bila dai nalo kuzikwa, kwa hiyo anakaa kimya juu ya dawa ili dai libaki hai.

Gharama ya kimya hicho haijafichwa. Mtu anaweza kuuliza: je, akikaa kimya, wengine hawataendelea kwenda vitani wakiwa wamejipaka maji? Wanaweza. Swali hilo halina jibu jepesi, na Hussein halijibu kwa sababu halijibiki. Ninachoweza kusema ni kwamba shujaa anayechagua kati ya jema na baya hana kazi kubwa ya kufanya. Huyu anachagua kati ya uhai wa walio hai na heshima ya madai yao kwa wajukuu wao, akiwa seli, bila mshauri, na anajua kwamba atalaumiwa kwa lolote atakalolichagua.

Ukishamwelewa Kinjeketile hivi, wasomee wenzake kwa kipimo hicho uone nani anasimama.

Mwelusi wa Kifo Kisimani, tamthilia ya Kithaka wa Mberia ya mwaka 2001, anapambana na Mtemi Bokono wa Butangi, na kisima ndicho kiini cha mvutano wao. Kisima ni chaguo zuri kuliko shamba, kwa sababu mtu anaweza kuvumilia njaa kwa majuma lakini kiu hakimvumilii hata siku tatu. Kero ya maji humlazimisha kila mtu achukue upande. Mwelusi hana ishara ya miujiza. Ana kusema wazi na kukubali kufungwa na kuteswa. Kinachomwangusha ni ndugu yake Gege, aliyeahidiwa binti wa Mtemi. Mberia ameona jambo ambalo watawala wanalijua vizuri: shujaa asiyenunulika hazuiwi kwa kununuliwa yeye, bali kwa kununuliwa aliye karibu naye, mwenye njaa ndogo ya kawaida, mwenye kutaka mke na hadhi. Katika usomaji wa darasani Gege huandikwa "msaliti" na kufungwa mjadala. Heri mwalimu angewauliza wanafunzi ni nani katika harakati alikuwa na kazi ya kumwangalia Gege, kuzungumza naye, kumpa sehemu. Hakuna aliyekuwa nayo. Hilo ni kosa la harakati, na linatokea kila mahali ambapo shujaa mmoja amebeba mzigo wote na wenzake wamebaki kumshangilia.

Tunu wa Kigogo, iliyoandikwa na Pauline Kea na kusomwa na wanafunzi wa sekondari Kenya kwa miaka kadhaa, yuko karibu zaidi na siasa tunazozijua leo. Majoka, mtawala wa Sagamoyo, amelifunga Soko la Chapakazi. Tunu anapigwa na kuumizwa, anakataa ndoa ya kumfunga mdomo, na kazi yake kubwa ni kuwakusanya watu wa soko waliokosa riziki. Nguvu ya tamthilia iko katika Sudi, mchongaji anayekataa kuchonga kinyago cha kumtukuza mtangulizi wa utawala ule hata anapoahidiwa fedha na fahari. Kukataa kwa Sudi ni kukataa kwa mtu wa kawaida mwenye kazi ya mikono, kunakoigwa kwa urahisi: kila fundi, kila mwalimu, kila karani ana kinyago chake anachoombwa achonge. Udhaifu wa tamthilia uko mwishoni. Kingi, mkuu wa polisi, anakataa amri ya kuwapiga watu risasi, na utawala unaporomoka. Tendo lake ni zuri, na polisi kukataa amri ni jambo linalotokea duniani. Ila hatujaona vya kutosha jinsi Kingi alivyofika pale: nani alizungumza naye, ni lini alianza kusita, alihatarisha nini. Askari anapogeuka bila safari ya kugeuka, ushindi unakuwa zawadi ya mwandishi kwa wahusika wake.

Na yuko Matigari, wa riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka kwa Kikuyu mwaka 1986. Anatoka msituni, amefukia silaha zake, amejifunga mkanda wa amani, anazunguka nchini akiuliza mahali pa kupata ukweli na haki. Ngũgĩ ameeleza kwamba watu walipoanza kumzungumzia Matigari na maswali yake, maafisa wa usalama Kenya walianza kumtafuta kama mtu halisi ili wamkamate, na walipogundua ni mhusika wa kitabu, kitabu chenyewe kikakusanywa madukani mwaka 1987. Sababu ya woga huo iko katika ujenzi wake. Matigari hana umri unaoeleweka, hana kijiji kimoja, wanaomwona wanamwelezea kwa namna tofauti, na kazi yake kuu ni kuuliza. Shujaa mwenye jibu anaweza kukanushwa. Mwenye swali anaigwa na yeyote aliye na kinywa. Na riwaya inamalizika silaha zikiwa mabegani mwa Mũriũki, mtoto wa jalalani. Ngũgĩ ameunyang'anya usukani kutoka kwa shujaa na kuukabidhi kwa mtu mdogo kuliko wote katika kitabu. Hussein aliukabidhi kwa neno. Yote mawili ni makabidhiano, na nathubutu kusema kwamba kazi isiyo na makabidhiano, hata ikiwa na hotuba kali namna gani, inamwacha msomaji akimpenda shujaa badala ya kujiuliza zamu yake.

Kwa vikundi vinavyoiandaa Kinjeketile jukwaani, mengi ya haya yanaamuliwa na mambo madogo ya maonyesho. La kwanza ni onyesho la mto. Hakuna haja ya kitambaa cha buluu wala taa za kumetameta. Mwigizaji aondoke jukwaani, na onyesho liwe ni kungoja. Watu wanane wanatosha kuwa umati ikiwa kila mmoja amepewa namna yake ya kungoja: mmoja anahesabu saa, mmoja ameanza kulia, mmoja anataka kurudi nyumbani akaangalie mtoto, wawili wanagombana kama walivyogombana kabla. Ungoje kimya hadi hadhira ianze kujigeuza vitini. Kinjeketile akirudi mapema, ishara inakuwa kiini macho. Akirudi baada ya hadhira kuchoka, hata wasioamini watashusha pumzi.

La pili ni sauti. Kosa la kawaida ni kumpa Kinjeketile sauti ya ngurumo tangu mwanzo hadi mwisho, macho yametoka, mikono juu. Mwigizaji akipanda kileleni mtoni hana tena pa kupanda, na mbaya zaidi hana pa kushuka. Sauti kubwa ipewe utabiri peke yake, dakika zile chache ambazo si yeye anayesema. Anapogundua hila ya Hongo aongee kama mtu anayejisomea barua yenye habari mbaya. Anapowasihi watu wangoje, wao ndio wawe na sauti kubwa, yeye azidiwe. Hadhira ione kwa masikio kwamba neno sasa liko kwao.

La tatu ni sentensi ya Seyyid Said. Waongozaji wengine huipunguza kwa kuona haya, au kwa kuogopa kwamba hadhira haitaelewa. Wanaiondoa nguzo. Isemwe kwa uwazi uleule wa sentensi nyingine, umati ushangilie bila kusita, lakini mtu mmoja tu asishangilie. Awe mzee, au mwanamke mzima mwenye kumbukumbu ya misafara ya watumwa. Asiseme chochote. Asogee tu hatua moja nyuma.

Seli nayo isiwe na nyimbo wala ngoma. Vikundi hupenda kumaliza kwa umati kurudi jukwaani, bendera, na wimbo wa ushindi, na kwa kufanya hivyo vinalijibu swali ambalo mtunzi ameliacha wazi. Waacheni wawili peke yao. Wakae karibu, wasisimame. Kitunda awe amechoka kweli, mwenye damu iliyokauka, na apewe muda wote wa kuifikisha hoja yake kwa hadhira hadi wengi wao wakubaliane naye. Ndipo Kinjeketile ajibu. Asiigeukie hadhira, wala asipandishe sauti. Amtazame Kitunda, kwa sababu Kitunda ndiye mtu wa mwisho aliye karibu naye, na ndiye ambaye bado hajakubali kulipokea neno.